Pesa ya mgonjwa haifungwi kiunoni

Familia ya Kitanzania ikishaambiwa kwamba mgonjwa wake akatibiwe India, hupata nguvu ambayo haikujua kama inayo. Wiki haijaisha, kundi la WhatsApp limefunguliwa, mweka hazina amechaguliwa, shangazi wa Mwanza ametuma, binamu aliyeko Muscat ametuma, na kikoba cha mama mkubwa kimevunjwa kabla ya wakati wake. Pasipoti inafuatiliwa, viza ya matibabu inaombwa, msindikizaji anatafutwa. Nimekaa kwenye vikao vingi vya namna hiyo. Nilikuwa muuguzi Tanga mpaka nilipostaafu, na katika ukoo wetu anayeugua ugonjwa mzito huletwa kwanza kwangu, halafu mara nyingi huwa mimi ninayeambiwa nimsindikize. Kila jambo hujadiliwa vikaoni mle. Namna pesa yenyewe itakavyosafiri, hilo huachwa mpaka usiku wa kuamkia safari, mtu mmoja anapoingia chumbani na bahasha ya dola na kutoka amezifunga kiunoni.

Naupinga mtindo huo kwa moyo wangu wote. Wodini, morfini hufungiwa kabati yake, huandikwa kwenye daftari, na haitoki mpaka wauguzi wawili wametia saini, kwa sababu kila mtu anajua thamani yake na hatari yake. Pesa ya michango nayo ina uhai wa mtu ndani yake. Kwa nini basi tunamwachia mtu mmoja, aliyechoka, mwenye hofu, asiyejua lugha ya anakokwenda, azunguke nayo viwanja vitatu vya ndege?

Wanaobeba taslimu nawaelewa. Mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 dola ziliadimika nchini, na mtu aliyezipata kidogo kidogo hakutaka tena zipite mikononi mwa mwingine. Wengine wamewahi kukatwa makato benki wasiyoelezwa. Lakini sababu kubwa ninayoisikia ni nyingine: watu wanaogopa forodha. Wanaamini kwamba ukitamka kiasi ulichonacho, utatozwa kodi, au utanyang'anywa, au utafuatwa na wezi hadi hotelini. Kwa hiyo wanaficha, na kule kuficha ndiko kunakowaingiza hatarini.

Sheria yenyewe haina fumbo. Kanuni zetu za mwaka 2016, zilizotungwa chini ya sheria ya kudhibiti utakasishaji wa fedha haramu, zinamtaka anayeingia au kutoka Tanzania na fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 za Marekani, au kiasi kinacholingana nacho kwa sarafu nyingine, azitangaze forodha. Kutangaza si kulipa. Unajaza fomu, unasema pesa ni za nani na zinakwenda kufanya nini, unaendelea na safari. India nayo ina vipimo vyake viwili: noti za kigeni zikizidi dola 5,000, au noti pamoja na hundi za wasafiri zikizidi jumla ya dola 10,000, abiria anatakiwa kujaza fomu ya kutangaza fedha anapotua.

Tazama hapo katikati. Aliyebeba dola 7,000 anaondoka Dar es Salaam bila kudaiwa tangazo lolote, na akishuka Chennai tayari anadaiwa. Hakuna aliyemwambia. Atafuata abiria wenzake kwenye mlango wa kijani wa wasio na cha kutangaza, na kuanzia dakika hiyo pesa halali, iliyochangwa na watu wanaompenda, imekuwa pesa iliyofichwa. Akisimamishwa, inaweza kuzuiwa, na mgonjwa yuko kwenye kiti cha magurudumu pembeni yake akisubiri.

Nilikuwa na wifi yangu katika safari ya kumpeleka kaka kutibiwa saratani, na yeye alikuwa amezishonea dola kwenye gagulo, bahasha mbili, kushoto na kulia, kwa uzi mweusi. Tulipofika Chennai nikamwambia twende upande wa mlango mwekundu, wa wenye cha kutangaza. Akanishika mkono. "Wifi, tukiwaonyesha hawaturudishii." Tukaenda maliwatoni, akachana uzi kwa funguo ya begi kwa sababu mkasi na wembe haviruhusiwi kwenye ndege, akatoka na bahasha zote mbili mkononi. Ofisa wa forodha alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani. Aliomba pasipoti, akaomba barua ya hospitali, akahesabu noti mbele yetu juu ya meza, akaandika jumla, akatusainisha, akagonga mhuri, akarudisha kila noti pamoja na nakala ya fomu. Hakuomba chochote. Wifi alizihesabu tena mwenyewe akiwa amesimama palepale, na ofisa akamwacha amalize.

Karatasi ile ilifanya kazi kuliko tulivyotarajia. Duka la kubadilishia fedha liliiomba. Mhasibu wa hospitali alipotaka kujua chanzo cha dola tulizotaka kulipa, alitoa nakala yake na kuiambatisha kwenye faili. Na tulipokuwa tunarudi na kiasi kilichobaki, ile fomu ndiyo iliyoonyesha kwamba tuliingia nazo, maana mgeni anaruhusiwa kutoka na fedha za kigeni zisizozidi alizoingia nazo kihalali. Bila karatasi, dola zilizobaki zingekuwa mzigo wa pili wa wasiwasi kwenye safari ambayo tayari ilikuwa na wasiwasi wa kutosha.

Siku hizi nasikia na hofu nyingine. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa nchini Machi 2025 zimewafanya baadhi ya watu waamini kwamba kuwa na dola ni kosa. Kanuni zile zinahusu kuweka bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma hapa nchini. Mtu anayenunua dola kwenye benki au duka lenye leseni kwa ajili ya matibabu ya nje hana sababu ya kununua gizani. Anunue mchana, adai risiti, na risiti hiyo aiweke pamoja na barua ya rufaa. Na akinunua, atazame noti moja moja: iliyochanika, iliyogongwa mhuri, iliyoandikwa kwa kalamu, au ya toleo la zamani lenye picha ndogo ya kichwa, airudishe palepale. Marekani haijafuta uhalali wa noti hizo, lakini mwenye duka anaweza kukataa tu, na hakuna wa kumlalamikia.

Lakini kutangaza pesa ni nusu ya jambo. Nusu kubwa ni kwamba sehemu kubwa ya pesa ya matibabu haina haja ya kusafiri na mtu yeyote. Hospitali za India zinazopokea wageni hutoa makadirio ya gharama kabla hujaondoka nyumbani, na hutoa namba ya akaunti ya benki. Ukiwa na makadirio hayo, barua ya rufaa na nakala ya pasipoti ya mgonjwa, unakwenda benki yako unafanya TT, yaani uhamisho wa fedha wa kibenki. Pesa inatoka kwenye akaunti ya familia, inaingia kwenye akaunti ya hospitali, na unapata karatasi. Huchukua siku chache za kazi, kwa hiyo haifanywi usiku wa kuamkia safari, na ndiyo sababu nasema suala hili liingie kikaoni mapema.

Mambo machache kwenye fomu ya TT yanaweza kumwokoa mgonjwa au kumchelewesha. Kuna mahali pa kuchagua nani anayebeba makato, pameandikwa OUR, SHA na BEN. Ukichagua OUR, makato yote unalipa wewe huku, na hospitali inapokea kiasi kamili. Ukichagua mengine, benki za katikati hukata njiani, pesa inafika pungufu, na dirisha la malipo kule linakuambia amana haijatimia. Kuna pia nafasi ya maelezo. Watu huandika "matibabu". Andika jina la mgonjwa kama lilivyo kwenye pasipoti, pamoja na namba ya mgonjwa aliyopewa na hospitali. Hospitali kubwa ya Chennai inapokea malipo kutoka nchi nyingi kwa siku moja. Pesa isiyo na jina huning'inia kwenye vitabu vya mhasibu mpaka mtu aende kuitafuta, na anayeitafuta ni wewe, asubuhi, huku mgonjwa hajaingizwa chumba cha upasuaji.

Jihadharini pia na namba ya akaunti inayobadilika. Matapeli huingilia mawasiliano ya barua pepe, kisha huandika kwa jina la hospitali kwamba "akaunti yetu iko kwenye ukaguzi, tuma kwenye hii nyingine". Ukipata ujumbe wa namna hiyo, usijibu. Ipigie simu hospitali kwa namba iliyoko kwenye tovuti yake, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe. Vivyo hivyo kwa madalali wa matibabu, ambao baadhi yao ni watu wema na wanasaidia sana: wakutafutie daktari, wakupokee uwanja wa ndege, wakutafsirie. Pesa ya hospitali isipite kwenye akaunti zao hata siku moja.

Na wapo watakaokushauri uache pesa yako dukani kwa mtu Kariakoo, ukaichukue Chennai kwa mtu wake, bila benki na bila karatasi, yaani hawala. Dubai wenye biashara ya hawala husajiliwa na Benki Kuu ya Umoja wa Falme za Kiarabu. India hawala ni kosa kwa sheria yao ya fedha za kigeni ya mwaka 1999. Mgeni aliyekuja kutibiwa anapokea furushi la rupia kutoka kwa mtu asiyemjua, hana risiti, hana cha kuonyesha kama akiulizwa na polisi au na hospitali. Sitamshauri mtu hivyo hata kama kiwango chao cha kubadilisha ni kizuri zaidi.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, nalo ni jina lililoko kwenye akaunti.

Mjomba wangu alikuwa mfanyabiashara anayejulikana, na alipougua, kila mchango ulielekezwa kwake mwenyewe: kwenye akaunti yake ya benki na kwenye laini yake ya simu. Ilionekana ni heshima. Mgonjwa ni mtu mzima, ana akili zake, pesa ni ya kwake, nani amsimamie? Alisafiri na mkewe. Siku chache baada ya upasuaji hali ikabadilika, akawekewa mashine ya kupumulia kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Hospitali ikaomba amana iongezwe. Pesa ilikuwepo, na zaidi ya kutosha. Ilikuwa kwenye akaunti ambayo namba yake ya siri ilikuwa kichwani mwa mtu aliyelala bila fahamu, na kwenye simu iliyofungwa kwa alama ya kidole chake.

Mke wa mjomba alinipigia akiwa kwenye korido. Hakulia, alikuwa anaongea polepole kama mtu anayehesabu. Aliniuliza kama benki ya nyumbani inaweza kumpa yeye pesa ya mumewe kwa kuonyesha cheti cha ndoa. Tulikwenda benki siku hiyohiyo, mimi na mtoto wao mkubwa. Ofisa alitusikiliza kwa upole, akasema hawezi, na alisema kweli. Benki inayomfungulia mtu mwingine akaunti ya mteja kwa sababu ya huruma, kesho itamfungulia mwizi kwa sababu ya huruma. Ikabidi ukoo uchange upya, kwa kukopa, wakati fedha ya mwanzo imekaa palepale. Na kama mgonjwa akifariki, akaunti yenye jina lake peke yake husimama mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, jambo linaloweza kuchukua miezi.

Mjomba alipata nafuu na akarudi, Mungu ni mkubwa. Lakini tangu hapo nasema wazi kila kikao: pesa ya mgonjwa isikae kwa jina la mgonjwa peke yake. Ifunguliwe akaunti ya watu wawili au watatu wanaobaki nyumbani, wenye afya, kila pesa itoke kwa saini mbili. Kama mgonjwa ana pesa zake nyingi kwenye akaunti yake, aende kwa wakili kabla ya safari, aandike hati ya kumpa mke au mtoto mamlaka ya kisheria, na benki ipewe nakala akiwa bado anaweza kusimama mbele ya kaunta na kusema kwa mdomo wake kwamba ndiyo, ni mimi. Wanaume wengi wanayaona mambo haya kama kuandikwa wosia mapema. Nawaomba wayaone kwa macho ya mke aliyesimama kwenye ile korido.

Pesa ndogo ya kila siku ni jambo jepesi zaidi, ingawa nayo ina mitego yake. Unahitaji nauli ya bajaji, chakula, dawa za nje, na kodi ya chumba kwenye zile nyumba za wageni zilizojazana karibu na hospitali, mfano Greams Road pale Chennai. Kwa hiyo taslimu kiasi ni lazima, nayo igawanywe: nusu kwa msindikizaji, nusu ndani ya begi lililofungwa chumbani au kwa msindikizaji wa pili kama yupo, kwani viza za India huruhusu wasindikizaji hadi wawili kwa mgonjwa mmoja. Badilisha dola kidogo kidogo kwenye duka lenye leseni, na kila mara dai cheti cha kubadilishia fedha, kwa sababu hicho ndicho utakachoombwa ukitaka kugeuza rupia zilizobaki ziwe dola tena.

Rupia zisibebwe kurudi nyumbani zikangojee kliniki ya marudio. Usiku wa tarehe 8 Novemba 2016, Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza kwenye televisheni kwamba noti za rupia 500 na 1,000 zinakoma kuwa fedha halali saa sita usiku uleule. Noti hizo mbili zilikuwa asilimia 86 ya thamani ya fedha zote taslimu zilizokuwa mikononi mwa watu. Hospitali za serikali ziliruhusiwa kuendelea kuzipokea kwa muda. Za binafsi, ambako ndiko wageni hutibiwa, hazikuwemo kwenye ruhusa hiyo. Wageni wakawekewa kikomo cha kubadilisha fedha zao kupata rupia 5,000 kwa wiki. Kisha tarehe 19 Mei 2023 Benki Kuu ya India ikatangaza kuiondoa kwenye mzunguko noti ya rupia 2,000, na sasa noti kubwa wanayoitumia ni ya 500. Aliyeacha bunda la noti zilizofutwa mwaka 2016 kabatini Morogoro alijikuta na karatasi.

Kadi ya benki ibebwe, na ziwe mbili za akaunti tofauti, maana ATM ikimeza moja siku ya Jumamosi utaishi vipi mpaka Jumatatu? Iarifu benki yako nchi unayokwenda na tarehe zake, la sivyo mfumo wao utaona mtu anatoa pesa Chennai na kuifunga kadi kwa nia njema kabisa. Mashine nyingi kule hutoa rupia 10,000 kwa mara moja na kila mara kuna makato, hivyo toa kiasi kamili unachohitaji badala ya kutoa kidogo kila jioni. Mashine ikikuuliza ukatwe kwa shilingi au kwa rupia, chagua rupia. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye atakayepanga kiwango cha kubadilisha, na hatapanga kwa faida yako.

Lipo jambo moja dogo linalowakwamisha wengi: ujumbe wa namba ya uthibitisho. Ukilipa kwa kadi mtandaoni, benki hutuma namba kwenye laini yako ya Tanzania. Watu hufika India, hununua laini ya kule, huitoa ya nyumbani na kuitia kwenye pochi. Malipo yanakataa na hawajui kwa nini. Beba simu ya laini mbili, na kabla ya kuondoka hakikisha laini yako imewashwa kupokea ujumbe nje ya nchi. Na ile kadi ya kidijitali inayotengenezwa ndani ya programu ya pesa ya simu ni nzuri kwa kununua mtandaoni, lakini huwezi kuiingiza kwenye ATM, kwa hiyo usiitegemee kama kadi yako ya akiba.

Wahindi wenyewe wamehama kwenye noti. Dereva wa bajaji, muuza madafu, duka la dawa, wote wana kibao cha QR, na mfumo wao wa UPI, ulioanza mwaka 2016, ndio kila mtu anaoutumia. Pesa zetu za simu hazisomeki pale. Kwa mgeni kuna huduma iitwayo UPI One World, ambayo hufunguliwa kwa pasipoti na viza na kujazwa pesa kabla ya kutumika. Kwa anayekaa wiki nyingi inafaa kuiulizia, kwa sababu bajaji ya usiku ambayo dereva wake hana chenji ya 500 ni usumbufu kwa mtu aliyetoka kumuuguza mwenzake kutwa nzima.

Ikitokea dharura na ikabidi pesa itumwe kwa Western Union au MoneyGram, kumbukeni kwamba India huweka kikomo cha dola 2,500 kwa muamala mmoja wa namna hii. Mbali na kikomo hicho, jina ndilo linalokwamisha. Ndugu wa Dar es Salaam, kwa haraka, huandika jina ambalo ukoo mzima unamwitia mtu, au majina mawili kati ya matatu. Kule dirishani anayehudumu analinganisha herufi kwa herufi na pasipoti. Nimemwona mwanamke Mtanzania akirudishwa kwa sababu jina lake la Kiislamu lilikuwa na "h" moja zaidi kwenye ujumbe kuliko kwenye pasipoti. Ilikuwa jioni, nyumbani aliyetuma amezima simu. Pigeni picha ukurasa wa pasipoti ya msindikizaji na muuweke kwenye kundi la wachache wanaoshika fedha, ili anayetuma anakili badala ya kukumbuka.

Kuna fungu moja ambalo vikaoni hakuna anayetaka kulitaja, nami kwa kazi niliyoifanya nimezoea kulitaja. Ni fungu la kumrudisha aliyefariki. Mwili husafirishwa kama mzigo wa ndege, baada ya kutiwa dawa ya kuuhifadhi na kupatikana kwa cheti cha kifo, kibali cha polisi wa kule na karatasi za ubalozi wetu ulioko New Delhi, na hospitali nayo hutaka hesabu yake ifungwe kwanza. Haya yote hutakiwa ndani ya siku chache, kwa mtu ambaye amefiwa saa chache zilizopita. Fungu hilo libaki nyumbani kwenye ile akaunti ya saini mbili, lisiguswe kwa jambo lolote, na msindikizaji aambiwe lipo. Mgonjwa akirudi mzima, linamlipia dawa za mwaka mzima.

Yako mambo ambayo familia haiwezi kuyafanya peke yake, na hayo nayadai kwa wenye dhamana. Mamlaka ya Mapato iweke ubao mkubwa wa Kiswahili kwenye ukumbi wa kuondokea, Dar es Salaam, Kilimanjaro na Zanzibar, unaosema kiasi cha kutangaza, kwamba kutangaza hakulipiwi, na dirisha la fomu liko wapi. Barua ya rufaa inayotolewa hospitalini hapa nchini itoke na ukurasa mmoja wa maelezo ya fedha, wenye viwango vya nchi anakokwenda mgonjwa. Daktari hahitaji kuuandika, unahitaji kuchapwa mara moja tu na kuambatishwa. Benki zitaje jumla ya makato ya TT kabla mteja hajasaini, kwa shilingi, yakiwemo ya benki za katikati. Na zimpe mwenye ankara ya hospitali nafasi ileile anayopewa mwagizaji wa makontena: dirisha hilohilo, ofisa huyohuyo anayejua kazi, na pesa iondoke siku ileile aliyoileta.